Tajriba Iliyokuwa Kwenye Friji

Mnaniuliza kama lile koti limerudi kuwa jeupe. Halijarudi. Nimelitia jiki, nimelianika juani, nimelisomea, limekataa.

Kwa ambao wiki iliyopita gazeti lilifungiwa samaki kabla hamjalisoma: nililifua koti la maabara la mjukuu wangu Lujain pamoja na kanga yangu mpya, likatoka mashineni manjano. Kesho yake mtoto akaingia chuoni, wenzake wote weupe pe, yeye katikati yao, wakamwita Kifaranga. Jina hilo analo mpaka leo, na mwenye lawama ni mie.

Nikadhani hapo nimefika mwisho wa kumharibia. Kumbe koti lilikuwa bismillahi tu.

Basi jueni kwanza mambo yalivyo. Mie Ghanima, mzaliwa wa Tabora, mkaazi wa hapa Ibra, Omani, tangu nywele zangu nyeusi. Lujain ni binti wa mwanangu Marhun aliyeko Nizwa. Anakaa kwangu kwa sababu chuo chake kiko hapa, anasomea diploma ya teknolojia ya sayansi, ile wanayoichukua kabla ya kufika digrii. Masomo yote amemaliza. Imebaki kazi yake moja ya mwisho, aionyeshe mbele ya walimu. Akipita, diploma yake hiyo mkononi, na maabara moja ya chakula kule Sur imeshamwambia njoo.

Asipopita, baba yake ameshatoa hukumu kwa simu, nami nasikia:

"Udaktari alikosa alama, nikasubiri. Mwaka jana akaanguka hesabu, nikasubiri. Sasa basi, mama. Safari hii asipomaliza, arudi Nizwa akae na mama yake."

"Subiri tena, mwanangu," nikamwambia.

"Subira yote umeichukua wewe. Sisi umetuachia nini?"

Ni kweli watu wananisifu kwa subira. Nami nilikuwa najisifu. Sikilizeni sasa ilivyonifikisha.

Alhamisi jioni Lujain alikuwa anakwenda kwao Nizwa kwa mapumziko. Gari ya shoga yake inapiga honi nje, yeye anazunguka jikoni na abaya nusu imevaliwa.

"Bibi, mimi nakwenda. Tajriba yangu nakuachia wewe."

Nikacheka. "Uniachie mie tajriba yako? Niliyonayo mwenyewe hainitoshi?"

"Wallahi sifanyi mchezo, Bibi. Tajriba yangu iko kwenye friji."

Hapa nieleze. Sisi tuliokuja na Kiswahili chetu, tajriba ni yale mtu aliyoyapitia yakamfunza. Fundi mwenye tajriba, mkunga mwenye tajriba. Sasa mtoto ananiambia yake kaitia friji.

Kiswahili cha Lujain nakipenda, lakini kina mashimo. Mwezi uliopita aliniambia, "Bibi, kuku imevunjika," nikatoka mbio uani kutafuta mguu wa kuku, kumbe ni yai. Kwa hivyo nikajua tu, hapa anataka kusema jambo jengine, neno limemkimbia. Labda anasema ameacha mambo yake yapoe.

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. "Tajriba haiozi."

"Ndiyo, Bibi! Kwenye baridi haiozi!" Akanibusu kichwani, kafurahi kuwa nimemfahamu.

Nami nikafurahi kuwa nimemfahamu.

Akenda zake.

Ijumaa asubuhi mlango ukasukumwa. Jirani yangu Fawziya hapigi hodi, anaitamka akiwa ameshakaa.

"Hodi! Ghanima, wageni wangu wa Bidiya wanakuja alasiri. Nimewaahidi mkate wa kumimina."

"Mkate wa nani?"

"Wako."

Fawziya ni mzaliwa wa Unguja mjini, na tangu tujuane hajanisamehe kuzaliwa Tabora.

"Si wewe uliyesema sisi watu wa bara mkate wetu tofali?"

"Nilisema, sikatai. Lakini tanuri langu limekufa. Bora tofali kuliko sinia tupu."

Kwa bahati mchele nilikuwa nimeuroweka tangu jana, nikitaka kupika vitumbua. Nikausaga na tui na hiliki, rojo likawa laini kama hariri. Nikafungua kopo la hamira. Tupu.

"Fawziya, nenda kaniletee hamira kwako."

"Hamira yangu?" Akashika kifua. "Ile aliyoniletea mpwa wangu Marzouq kutoka Unguja? Imefungwa kwenye karatasi kwa mkono, Ghanima! Ile ni ya Idi."

"Wageni ni wako."

"Na Idi ni yangu."

Nikafungua friji nitazame kama kuna maziwa ya mgando nichachushie. Nyuma ya achari ya ndimu nikaona kichupa. Kina karatasi. Herufi za Kiarabu nazijua, nimehitimu msahafu. Nikasoma polepole: khe, mimu, ye, re, na te ya duara.

Khamira.

Wao khamira, sisi hamira. Chini yake palikuwa na maandishi mengine ya Kizungu madogo madogo, hayo sikuyashughulikia. Nikafungua, nikanusa. Kinanukia tende. Nikasema moyoni, huyu mtoto Mungu ambariki, ameona kopo limekwisha akaninunulia hamira ya kisasa, ya maji.

Nikamimina yote. Kichupa nikakiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikakifuta, nikatia karafuu.

Tukangoja.

Rojo kimya. Nikafunika kwa kitambaa, nikafunua. Kimya.

"Ghanima," akasema Fawziya, "rojo hili limekufa."

"Limelala."

"Limekufa, mwenzangu. Lisaliwe, lizikwe."

"Subiri. Kuna hamira za haraka na kuna za taratibu."

"Na kuna wageni wako njiani! Wameshatoka Bidiya!"

"Subiri, Fawziya."

"Wewe ungesubiri hata maji yachemke bila moto."

Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikamwacha jikoni, nikaingia chumbani kusali. Sikufanya haraka, sala haifanywi haraka. Niliporudi nikamkuta anafuta kijiko kwa ncha ya mtandio.

"Unafanya nini na kijiko?"

"Naonja sukari. Umetia haba, kama kawaida yenu kule bara."

Nikafunua kitambaa, na mara ile nikaona povu linaanza pembeni. Kisha katikati. Kisha rojo lote likainuka kama limeitwa jina. Likafika ukingoni, likataka kumwagika.

"Unaona?" nikamwambia. "Subira hiyo!"

"Naona," akasema Fawziya, akatazama dirishani.

Mkate uliotoka hapo, wapenzi wangu, sijaupika tangu nizaliwe. Juu wa kahawia, ndani matundu matundu kama sega la asali. Wageni wa Bidiya walikula mpaka wakawa hawasemi. Mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza, "Hamira ya wapi hii?"

Fawziya akapaliwa na kahawa.

"Ya mjukuu wangu," nikajibu. "Msomi."

Jumamosi Lujain akarudi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo Nizwa?"

Keshafika kwenye friji. Nikasikia mitungi inasogezwa. Achari upande huu, achari upande ule.

"Bibi. Tajriba yangu iko wapi?"

"Unayo mwenyewe."

"Sina!"

"Unayo, mama. Ndogo, lakini kila siku inazidi."

"Bibi, kwenye friji! Chupa ndogo! Imeandikwa khamira!"

"Aa, hamira!" nikasema. "Si ungesema tangu mwanzo? Hiyo nimeipika."

"Umeipika?"

"Na watu wameifurahia!"

Akakaa kitako sakafuni, palepale, na mkoba wake begani. Friji liko wazi, linamvumia baridi, halifungi.

"Yote, Bibi?"

"Kilikuwa kichupa kidogo."

Hapo ndipo nilipofunzwa maana ya neno. Kwa Kiarabu cha chuoni, tajriba ni kitu unachokifanya makusudi ili uone kitatokea nini. Jaribio. Ile haikuwa hamira ya dukani. Lujain alizikusanya mwenyewe kutoka kwenye tende za Samad Ash Shan, za shamba la wajomba zake, akazitenga na vijidudu vyengine, akazilisha na kuzilea tangu mwanzo wa muhula mpaka zikabaki jamii moja peke yake. Katika chuo kizima hakuna mwengine mwenye hamira ile. Ilikuwa inangoja kuonyeshwa Alhamisi.

"Kwa nini ukaiweka kwangu na si chuoni?"

"Friji ya chuo imeharibika. Nikasema kwa Bibi ni salama."

Neno hilo liliniingia. Kwa Bibi ni salama.

"Bibi," akasema taratibu, "umekula diploma yangu."

"Sikuila peke yangu, mwanangu. Wanawake wa Bidiya wamo."

Akanitazama. Akaanza kulia kweli, halafu katikati ya kilio kicheko kikampasukia, akawa anafanya vyote viwili, hata sijui nimpe kitambaa au maji.

"Baba nitamwambia nini? Kwamba tajriba imeliwa na kahawa?"

"Usimwambie kitu kwanza. Subiri nifikiri."

"Bibi, usiseme subiri!"

Lakini nilikuwa nimeshakumbuka. Nikainuka, nikaenda kwenye kabati la vyombo, nikatoa kikombe cha bati kilichofunikwa sahani.

Kule kwetu Tabora, mama yangu hakuwa akinunua hamira kila siku. Akipika anabakisha kikombe cha rojo, ndicho kinachoumua mkate wa safari ijayo. Mie hapa Ibra madukani hamira imejaa, lakini mkono umezoea. Kila mkate nabakisha kikombe, hata kama kesho yake namwaga.

"Hili ndilo rojo lako," nikamwambia. "Halijaingia motoni."

Lujain akafunua sahani. Rojo lilikuwa linapumua, povu linapanda linashuka.

"Hai," akanong'ona. "Bibi, ziko hai!"

Akanikumbatia miguu, karibu kikombe kinianguke. Mwenyezi Mungu hakutaka kianguke.

Jumapili tukaenda chuoni, yeye na kikombe, mie na hofu yangu.

Mwalimu wake, Ustadha Ibtihal, ni mwanamke mfupi, miwani mikubwa, sauti ya kuamrisha. Kiswahili alikirithi kwa bibi yake, anakizungumza kama anakanyaga mawe, lakini anafika.

"Wewe ndiyo Bibi wa koti?"

"Ndiye mie."

"Na sasa Bibi wa mkate?"

"Yote mie, Ustadha."

Maabara hawaingii bila koti. Yote ya wageni yalikuwa makubwa, kwa hivyo nikavikwa la Lujain. Wanafunzi walipoona koti la manjano linaingia na bibi ndani yake, mmoja akasema, "Kumbe kifaranga ana kuku!" Maabara nzima ikacheka. Mie nikacheka kuliko wao.

Ustadha akachota tone, akaliweka chini ya darubini, akaniambia nitazame. Nikaona vitu kama punje za mtama zilizomwagika sakafuni. Nyengine zimebeba punje ndogo mgongoni.

"Hizo ndogo nini?"

"Watoto wao," akasema Ustadha. "Hivyo ndivyo wanazaa."

"Na hivi ndivyo nilivyokula?"

"Ndivyo."

"Na watoto wao?"

"Na watoto wao, Bibi."

Nikasema astaghfirullah. Lujain akajifunika uso kwa mikono, mabega yanamcheza.

Ustadha akatazama tena, akazilinganisha na picha za Lujain za mwanzo. "Wanafanana. Lujain, una bahati. Ziko hai na bado unazo." Kisha akavua miwani, akanigeukia mie. "Sasa Bibi, nijibu vizuri. Mkate uliumuka?"

"Uliumuka mpaka rojo likataka kumwagika."

"Unajua kwa nini nauliza? Walimu wataketi pale Alhamisi, na swali la kwanza watasema: hamira hii ya Samad inafaa nini? Inaumua mkate au haiumui? Lujain hakuwahi kujaribu. Aliogopa kuzipunguza. Wewe umejaribu."

Nikajiona narefuka ndani ya koti.

"Uliumua kwa hamira hii tu?"

"Hii tu."

"Hukutia nyengine? Hata kidogo?"

"Ningeitoa wapi? Kopo langu lilikuwa tupu."

"Na mtu mwengine hakugusa?"

Hapa, jamani, majivuno yalinipanda. Nikanyoosha kidole juu kama natoa shahada.

"Ustadha, mkate wangu hauguswi na mtu. Wallahi, mkono wangu peke yake."

Ustadha akapiga kofi. "Lujain! Bibi yako amekumalizia sehemu iliyobaki. Alhamisi atasimama na wewe mbele, aseme hayo hayo aliyonambia mimi."

Tukatoka pale Lujain ameninasa mkono kama bibi harusi. Njia nzima ananifundisha kusema "tajriba" kwa maana ya chuoni. Njia nzima naikosea makusudi ili acheke.

Jumatatu Marhun akapiga simu.

"Shikamoo, mama. Nimesikia habari sizifahamu. Kweli umesimamishwa chuoni?"

"Nimesimamishwa, ndiyo. Alhamisi, mbele ya walimu wote."

"Subhanallah! Mtu mzima kama wewe! Umefanya nini mpaka wakusimamishe?"

"Nimepika mkate."

Ikabidi Lujain anipokonye simu amweleze baba yake kuwa sikufukuzwa mahali, nitasimama tu, kwa miguu. Aliponirudishia, sauti ya Marhun ilikuwa nyengine.

"Basi tunakuja, mama. Mimi, mama yake, na watoto wote. Ofisini nimeshawaambia nachukua ruhusa. Niliposema arudi Nizwa..." Akasita. "Sikuwa nataka arudi. Nilikuwa naogopa asije akavunjika moyo mara ya tatu."

"Hatovunjika," nikamwambia.

Lujain akaenda chuoni. Fawziya akaingia na birika lake la kahawa, akakaa kwenye mkeka. Mie nikakata kipande cha mkate uliobaki, nikamwekea mbele, nikaanza. Nikamrudia habari ya darubini niliyomsimulia jana. Nikamwambia Ustadha alivyopiga kofi. Nikamwambia Alhamisi nitavaa abaya yangu ya Idi, na mkate wa Tabora utaingia kwenye elimu.

"Mkate wa Tabora," akasema Fawziya.

"Mkate wa Tabora! Mlikuwa mnauita tofali. Sasa utasomwa vitabuni. Wa Bidiya wenyewe wameshapiga simu, wanauliza siri yangu. Nimewaambia siri ni subira na mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wangu."

Akaweka kikombe chini. Uso umeiva.

"Ghanima, nimevumilia tangu Ijumaa. Mkono wako, mkono wako! Mkono wako ulikuwa msalani unatawadha! Rojo lilikuwa maiti! Aliyelifufua mie!"

"Umelifufua na nini?"

"Na kijiko changu! Hamira yangu ya Unguja, ya Idi, ya Marzouq! Nilikwenda mbio nyumbani nikaichukua, nikatia kijiko kizima, nikakoroga, nikafunika. Ungeniacha mie na wageni wangu tukitazama rojo mpaka magharibi?"

Nikaweka kisu chini.

"Basi sema kitu!"

Nilikuwa nahesabu kichwani yote niliyoyavunja. Nimemuapia Ustadha. Kile kikombe nilichokibakisha kilikuwa na hamira mbili, si moja. Zilizozaa chini ya darubini, zilizobeba watoto mgongoni, huenda hazikuwa za Samad hata kidogo. Huenda mtoto wangu Alhamisi anasimama mbele ya walimu na baba yake na mama yake, anaonyesha hamira ya Unguja kwa jina la Samad.

"Fawziya," nikasema mwisho, "umetia hamira kwenye tajriba."

"Mie nilitia kwenye mkate!"

Mlango ukafunguka. Lujain, na koti lake la manjano limepigwa pasi, mikunjo imenyooka kama ya askari.

"Bibi! Ustadha amekubali! Jina lako litatajwa! Utasema tu yale maneno, 'mkono wangu peke yake', halafu..." Akanitazama. Akamtazama Fawziya. "Mbona mmenyamaza?"

Fawziya akachukua kile kipande cha mkate, akakitia kinywani chote kwa pamoja, mtu asimuulize kitu.

Nisiwafiche. Kwa dakika ile niliona njia. Kunyamaza. Nani atajua? Ustadha mwenyewe alisema zinafanana. Mtoto atapita, baba yake atafurahi, Fawziya ana mdomo umejaa. Nikamtazama Lujain na lile koti nililomharibia, na bado anasema kwa Bibi ni salama.

"Vua viatu, mwanangu. Kaa."

"Nini?"

"Mkono wangu haukuwa peke yake."

Nikamwambia. Nilidhani atakaa sakafuni kama siku ile. Hakukaa. Macho aliyafumba, midomo inakwenda kama anasoma dua. Kisha akayafumbua, na mtu niliyemwona hapo sikuwahi kumwona. Hakuwa yule wa kuku imevunjika.

"Bibi Fawziya. Hamira hiyo ya aina gani? Ya punje au ya unga?"

Fawziya akameza kwa shida. "Ya unga. Ya Unguja. Haipatikani hapa."

"Nataka hiyo hiyo. Naiotesha peke yake kwenye sahani. Sahani ya pili naotesha ile ya kikombe. Zikiota nalinganisha rangi, nalinganisha umbo, nachagua za Samad, nazitoa moja moja. Mpaka Alhamisi inawezekana. Kwa shida, lakini inawezekana." Akanyoosha mkono. "Lakini lazima nijue ile ngeni inafanana vipi. Niletee hiyo hamira na karatasi yake."

Fawziya akatazama mkeka.

"Fawziya," nikasema.

"Jana Ghanima aliposimulia mambo ya darubini niliogopa. Nikasema watakuja kunikagua. Asubuhi hii..."

"Asubuhi hii nini?"

"Nimeitupa."

"Wapi?"

"Pipa la taka la baladiya. Pale kona ya msikiti."

Na kutoka kona ya msikiti, kama limengoja kutajwa, tukasikia lori la taka linanguruma, breki zinalia, na ule mlio wa chuma kinaponyanyua pipa.

Lujain alitoka miguu mitupu. Koti la manjano likapepea mlangoni, likatoweka. Fawziya akainuka na birika mkononi, hajui kama ameshika birika. Mie nyuma yao, kiatu kimoja mguuni, mtandio begani, nashikilia ukuta, nashikilia magari ya watu, naita, "Baba! Dereva! Subiri! Subiri, baba!"

Watu wametoka madukani. Kinyozi ametoka na mteja wake mwenye povu shavuni.

"Bibi!" Lujain akapiga kelele bila kugeuka. "Hii ndiyo tajriba!"

"Ya kwenu au ya kwetu?"

"Zote mbili!"

Dereva alikuwa na vitu vyake masikioni, anatikisa kichwa kwa wimbo anaousikia yeye peke yake. Pipa lilikuwa limeshapanda, liko juu ya vichwa vyetu, na mdomo wake umeanza kuinama. Yaliyobaki wiki ijayo, wapenzi wangu; subirini.